Waitikiaji Wasio na Jina: Nyimbo za Soul, Nyimbo za Ukambani na Deni la Fasihi Yetu

Wahenga walinena kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Methali hii huwafaa waliochelewa karamu na waliokosa baraza. Haisemi lolote, hata hivyo, kuhusu watu wa aina nyingine: wale waliokuwapo, sauti zao zikasikika, zikarekodiwa na kupendwa na maelfu, na bado lao halipo. Watu hao ni waitikiaji. Ninawazungumzia wanaume na wanawake waliosimama hatua moja nyuma ya kiongozi wa wimbo, wakampokea, wakamjibu na kumtuliza alipozidiwa na hisia. Wimbo ulipovuma, alitajwa kiongozi. Ulipofika darasani, yalichambuliwa maneno ya kiongozi. Maoni yangu ni kwamba sisi walimu na wanafunzi wa Kiswahili tumeshiriki dhuluma hiyo bila ya kukusudia, na kwamba muda uliosalia wa kuirekebisha ni mchache, hasa kule kwetu Ukambani.

Huenda msomaji akashangaa kusikia kwamba hoja hii sikuifikia kwa kusoma vitabu vya nadharia. Niliifikia kupitia makundi ya waimbaji wa soul wa Marekani, ambao nyimbo zao ni sehemu ya kumbukumbu tamu za watu wengi wa rika langu.

Nilikulia Malili, kando ya barabara kuu iendayo Mombasa, enzi ambapo eneo hilo lilikuwa lingali katika Wilaya ya Machakos. Makueni haikuwa wilaya hadi mwaka 1992. Nchi yetu ilikuwa ya nyasi, migunga na ng'ombe. Mjomba wangu alifanya kazi Nairobi, na alipokuja nyumbani mwisho wa mwezi alileta santuri mbili tatu alizozifunga katikati ya mashati ili zisivunjike. Katika mkoba huo mmoja zilikaa pamoja santuri za Kilimambogo Brothers na za Temptations, za Kalambya Sisters na za Gladys Knight akiwa na kundi lake la Pips, wala hakuna aliyeona ajabu. Sisi watoto hatukujua Kiingereza cha kutosha kuelewa waliyoyasema Wamarekani wale. Hata hivyo, tulitambua mara moja ni nani aliyekuwa akiita na ni nani waliokuwa wakiitika. Tuligawana sauti: mkubwa wetu alichukua ya kiongozi, nasi tuliobaki tukawa waitikiaji. Tuliitikia kwa sauti tupu zisizo na maneno, mpaka mawe ya redio ya santuri yalipoisha nguvu na wimbo ukaanza kuburuta miguu.

Kwa manufaa ya msomaji kijana, yafaa tueleze kwa muhtasari muziki huo ulikuwa wa namna gani. Soul ilichipuka miongoni mwa Wamarekani weusi katika miaka ya 1950 na kukomaa katika miaka ya 1960, wakati uimbaji wa makanisani ulipochanganyika na muziki wa starehe wa mijini. Mwaka 1959 Berry Gordy alianzisha mjini Detroit kampuni ya kurekodi ambayo ilikuja kujulikana kama Motown. Humo ndimo walimopitia Miracles, Supremes, Four Tops, Temptations na baadaye Jackson 5. Makundi haya aghalabu hayakuwa bendi. Waimbaji wake hawakushika magitaa wala ngoma. Ala zilipigwa na wengine. Mtaji wao ulikuwa sauti zao na namna zilivyopangwa.

Chukua mfano wa Temptations. Katika safu yao ya miaka ya kati ya 1960, Eddie Kendricks alikuwa na sauti nyembamba ya juu, Melvin Franklin alishuka hadi chini kabisa kwa besi, David Ruffin akawa na sauti ya ukwaruzo yenye kusihi, nao Paul Williams na Otis Williams wakajaza pengo la katikati. Wimbo wao "My Girl", uliotungwa na Smokey Robinson na Ronald White wa Miracles, ulishika nafasi ya kwanza nchini Marekani mwaka 1965. Anayeongoza humo ni Ruffin. Lakini jaribu kuuimba wimbo huo peke yako, bila ya wale wanne. Utagundua kwamba unasimulia furaha ambayo hakuna aliyeithibitisha. Waitikiaji ndio wanaomsadiki yule kijana anayejigamba kwa mapenzi yake, nasi tunamsadiki kwa sababu wao wamemsadiki.

Kuna nyimbo ambamo kazi hii huenda mbali zaidi. Mwaka 1972 Temptations walitoa "Papa Was a Rollin' Stone", ambao katika albamu una urefu wa karibu dakika 12. Watoto wanamuuliza mama yao kuhusu baba aliyekufa, ambaye hawakumjua ila kwa uvumi. Hakuna kiongozi mmoja katika wimbo huo. Mistari inagawanywa miongoni mwa sauti kadhaa, kila moja ikija na swali lake na umri wake, kisha zote zinakutana katika jibu la mama ambalo halifariji. Msomi wa Kiswahili akiusikia wimbo huu atajikuta katika mazingira anayoyafahamu, kwa kuwa hiyo ni tanzu ya majibizano inayokaribiana sana na ngonjera zetu.

Au tazama "Midnight Train to Georgia" wa Gladys Knight na Pips, uliovuma mwaka 1973. Pips walikuwa kaka yake Gladys, Merald Knight, na binamu zao wawili, William Guest na Edward Patten. Wimbo unamhusu mwanamume aliyekwenda Los Angeles kutafuta umaarufu, akashindwa, akaamua kurudi kwao kwa treni, naye mpenzi wake akaamua kufuatana naye. Gladys anasimulia. Pips wanadakia, wanarudia neno, wanashangaa, wanaafiki, hata wanaiga mlio wa treni. Wanafanya kile hasa ambacho hadhira hufanya katika utambaji wa ngano: wanaonyesha kwamba habari imepokelewa. Watu wa Malili hawakuhitaji tafsiri ya kisa hicho. Stesheni ya Konza haiko mbali nasi, na wengi walishuka pale wakiwa wamerudi kutoka mjini mikono mitupu. Aliyerudi hivyo alihitaji watu wa kumpokea zaidi ya alivyohitaji nauli.

Ukaribu huu haukutokea kwa sadfa. Kabla ya kuingia studio, mtindo wa kuita na kuitikia ulikuwa umepita kanisani, na kabla ya hapo katika mashamba ambamo Waafrika waliotumikishwa utumwani walilima wakifuata sauti ya mmoja wao. Walivuka bahari na mtindo huo kutoka bara hili. Huku kwetu nao uliendelea na njia yake. Ukambani kuna ushirika wa kazi uitwao mwethya, ambao kwao majirani hukusanyika kulima shamba la mmoja wao au kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo. Mmoja huanzisha, wengine huitika, na jembe huanguka pamoja na kiitikio. Kisha yakaja makanisa na kwaya zake zilizogawa sauti nne. Mama yangu aliimba sauti ya pili katika kwaya ya kanisa na kuitikia katika mwethya kwa zaidi ya miaka 30. Sikumbuki hata siku moja alipoanzisha wimbo. Sikumbuki pia wimbo uliosimama vizuri siku ambayo hakuwapo. Kwa hiyo santuri za Detroit zilipofika Malili, zilikuta masikio ambayo tayari yalikuwa yamefunzwa.

Afrika Mashariki haikubaki kuwa msikilizaji tu. Mombasa ilimtoa Slim Ali, ambaye pamoja na Hodi Boys aliimba soul na kupata umaarufu katika miaka ya 1970. Hilo jina la Hodi Boys lastahili kutafakariwa na wanafunzi wa lugha. "Hodi" ni neno lisilokamilika mpaka mtu mwingine aseme "karibu". Sijui neno jingine katika Kiswahili linaloeleza kwa ufupi zaidi muundo wa muziki ule. Septemba 1974, katika tamasha lililotangulia pambano la Muhammad Ali na George Foreman mjini Kinshasa, kundi la Spinners, mojawapo ya makundi ya sauti yaliyoanzia katika eneo la Detroit, lilipanda jukwaani mbele ya Waafrika, katika tamasha moja na James Brown na B. B. King. Ule mwito ulikuwa umerudi ulikotoka.

Na tugeukie sasa makundi yetu. Mwanafunzi atakayeorodhesha bendi za Ukambani za miaka ya 1970 na 1980 ataona jambo la kuvutia katika majina yake: Kilimambogo Brothers, Ngoleni Brothers, Kalambya Boys, Kalambya Sisters, Lower Mbooni Boys, Kyanganga Boys. Kila jina lina sehemu mbili, na hakuna hata moja iliyo ya mtu binafsi. Ya kwanza aghalabu ni mahali, nayo ya pili ni undugu au rika. Hata Marekani mambo yalikuwa hivyo kwa kiasi fulani: Isley Brothers walikuwa ndugu kweli, na Jackson 5 walikuwa watoto wa nyumba moja kutoka Gary, Indiana. Makundi haya yalijitambulisha kama ukoo. Sisi tuliokuja baadaye ndio tuliochomoa jina la mtu mmoja na kuliacha la ukoo.

Kakai Kilonzo wa Kilimambogo Brothers, aliyefariki mwaka 1987, ana nafasi ya pekee katika mjadala huu. Aliimba Kikamba, lakini aliimba pia Kiswahili, na nyimbo zake za Kiswahili zilimpa wasikilizaji kote nchini katika kipindi ambacho bendi nyingi za aina yake zilijulikana zaidi miongoni mwa wasemaji wa lugha zao. Wanaisimujamii wetu wangeweza kuandika tasnifu nzima juu ya uamuzi huo. Nami naongeza kwamba Kiswahili hicho hakikuimbwa na Kakai pekee. Kiliitikiwa. Waitikiaji waliitamka lugha ya taifa kwa lafudhi ya Ukambani bila ya kuona haya, na wasikilizaji wa Kisumu na wa Mombasa wakaipokea hivyo hivyo. Huo ulikuwa ufundishaji wa Kiswahili ambao hakuna wizara iliyougharimia.

Nao Kalambya Sisters, waliosindikizwa na bendi ya Kalambya Boys ya Onesmus Musyoki, walivuma katika miaka ya 1980 kwa wimbo wa "Katelina". Wimbo wenyewe ni wa Kikamba na wa kuchekesha: unamhusu msichana apendaye kunywa uuki, ile pombe yetu ya kienyeji, na ambaye kila mwaka hujikuta mjamzito. Wapo waliocheka na wapo waliokunja uso. Nguvu ya wimbo ule imo katika sauti za juu, nyembamba, za wanawake wanaoimba kwa pamoja. Wakati huo bendi nyingi zilikuwa za wanaume watupu, na wanawake walitajwa katika nyimbo zaidi ya walivyoziimba. Leo ukimuuliza shabiki wa zamani akutajie kiongozi wa bendi atakutajia bila ya kusita. Mwombe akutajie wale dada kwa majina yao, kila mmoja na sauti yake. Wengi niliowauliza walibaki kutabasamu.

Tusidhani kwamba usahaulifu huu ni ugonjwa wa Waafrika. Ukweli ni kwamba Motown yenyewe iliufanya kuwa utaratibu wa kazi. Wanamuziki waliopiga ala katika nyimbo zake, waliojulikana kama Funk Brothers, hawakutajwa kwenye albamu hadi mwaka 1971, Marvin Gaye alipotoa "What's Going On". Kulikuwa pia na wanawake watatu, Jackie Hicks, Marlene Barrow na Louvain Demps, walioitwa Andantes. Hao waliitikia katika rekodi nyingi mno za kampuni hiyo, zikiwemo za Four Tops, ila majina yao hayakuandikwa kwenye lebo. Kinyume chake pia kilitokea. Wimbo "Someday We'll Be Together" wa mwaka 1969 uliuzwa kwa jina la Diana Ross na Supremes, ilhali Mary Wilson na Cindy Birdsong, waliokuwa Supremes wenzake, hawakuimba humo. Waitikiaji wa rekodi hiyo walikuwa watu wengine. Jina lilikuwa upande huu na sauti upande ule.

Tofauti yetu na wao ni kwamba wao walirudi kuulizana. Watafiti na waandishi waliwatafuta waitikiaji wangali hai, wakawahoji, na mwaka 2002 ikatoka filamu nzima kuhusu Funk Brothers. Ndiyo sababu leo, nikiwa Ukambani, ninaweza kuwataja akina Andantes kwa majina yao kamili, huku waliokuwa wakiitikia kilomita chache kutoka kwetu nikishindwa kuwataja. Fedheha hiyo ni ya kitaaluma, na inatuhusu sisi moja kwa moja.

Nasema inatuhusu kwa sababu ushairi wetu umejengwa juu ya jambo hili hili. Istilahi zetu zenyewe zinatusuta. Mshororo unaorudiwa mwishoni mwa kila ubeti tunauita kiitikio, kibwagizo, mkarara au kipokeo. Angalia: kiitikio ni cha kuitikia, kipokeo ni cha kupokea. Maneno haya yanakiri kwamba palikuwa na watu wa pili. Shairi liliimbwa, na hadhira ilikuwa na zamu yake. Katika taarabu hali ni ile ile: mwimbaji hutoa beti na waitikiaji wakaupokea mkarara. Lakini tazama yanayotendeka katika mitihani yetu. Mwanafunzi huulizwa aeleze muundo wa shairi. Hujibu kwamba shairi lina beti sita, mishororo minne katika kila ubeti, na kwamba lina kiitikio. Hupata alama yake na kusonga mbele. Hatumuulizi kiitikio hicho kiliitikiwa na nani, wala kwamba waliokiitikia walikuwa wakimuunga mkono malenga au walikuwa wakimkejeli. Tumeligeuza tendo la watu kuwa pambo la ukurasa.

Katika fasihi simulizi mambo ni mabaya zaidi. Mara nyingi nimesoma ripoti za utafiti wa nyanjani ambamo mwanafunzi ameunukuu wimbo wa kazi kwa uangalifu, kisha mahali pa kiitikio akaandika "x 2" au "kinarudiwa". Tunajua, hata hivyo, kwamba kiitikio hakirudiwi kamwe kwa namna moja. Mara ya kwanza waitikiaji wanajifunza. Mara ya tatu wamechangamka. Mara ya saba mmoja wao amepandisha sauti kwa sababu kiongozi amemtania mtu aliyepo. Mwanafunzi anayeandika "x 2" ameifuta jamii na kumwacha mtu mmoja akizungumza na mawe.

Zipo hoja zinazoweza kutolewa dhidi ya msimamo wangu. Ya kwanza ni kwamba nyimbo za soul ni za Kiingereza na "Katelina" ni ya Kikamba, hivyo hazina nafasi katika idara ya Kiswahili. Ninaijibu kwa kuuliza: je, fasihi linganishi tuliianzisha ya nini? Mwanafunzi wetu hulinganisha tamthilia ya Kiswahili na ya Kigiriki bila ya kulaumiwa. Kama Sofokile anaruhusiwa kuvuka mlango wa darasa, pamoja na kwaya yake ambayo nayo ni ya waitikiaji, sioni kwa nini mwanamke wa Makueni azuiliwe. Kiswahili hakikui kwa kujifungia ndani. Hukua kwa kuwa lugha ya kuzungumzia mali ya majirani zake.

Hoja ya pili ni kwamba huku ni kutamani tu mambo ya kale, ile desturi ya wazee ya kusema kwamba nyimbo za siku hizi hazina maana. Sikubaliani na wazee hao. Vijana wanatunga vizuri, na baadhi ya mashairi ya wanamuziki wa kizazi kipya ni mazito. Ni kweli kwamba mitambo imemwezesha mwimbaji mmoja kurekodi sauti zote na kujiitikia mwenyewe, lakini hata hilo si geni. Marvin Gaye aliipandanisha sauti yake mwenyewe katika albamu ile ile ya 1971. Sidai kwamba zamani palikuwa pazuri. Ninadai kwamba zamani palikuwa na watu, na kwamba baadhi yao wangali hai, wanachunga mbuzi na kuuza mboga sokoni, wakiwa na sauti ambazo taifa zima lilizicheza.

Wakati ndio unaotukimbiza. Biashara ya santuri nchini ilididimia katika miaka ya 1980 kadiri kanda za kunakiliwa kiharamia zilivyoenea. Santuri zilizosalia zimepinda kwa jua au zimegeuzwa vifuniko. Lebo zake aghalabu zina jina la wimbo, la mtunzi, la kundi na la kampuni. Majina ya waitikiaji yako mahali pamoja tu: katika vichwa vya waitikiaji wenyewe na vya jamaa zao. Kila mazishi yanatupunguzia orodha hiyo.

Kinaya ni kwamba Malili ya leo inatajwa nchini kote kwa ajili ya kuhifadhi habari. Mwaka 2009 serikali ilinunua ekari 5,000 za shamba la Malili ili kujenga mji wa teknolojia wa Konza, na Januari 2013 Rais Mwai Kibaki aliuzindua ujenzi wake. Pana kituo cha kitaifa cha data pale, na mwaka 2023 Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilizinduliwa kikiwa na makao yake papo hapo. Mahali ambapo ng'ombe walilisha sasa pana mitambo yenye uwezo wa kuhifadhi sauti zote zilizowahi kurekodiwa Ukambani, na nafasi ikabaki. Ingekuwa aibu kubwa iwapo mitambo hiyo itajaa stakabadhi za kodi na leseni, huku nyimbo za watu waliokuwa wakiishi juu ya ardhi hiyo zikipotea ng'ambo ya ua wake.

Kwa hivyo napendekeza mambo manne, ambayo hakuna hata moja linalohitaji mfadhili. Kwanza, walimu wa fasihi simulizi wakatae kupokea ripoti yoyote ya nyanjani isiyotaja waitikiaji kwa majina, kwa idhini yao, pamoja na sauti aliyoimba kila mmoja. Pili, wimbo unakiliwe kwa safu mbili, ya mwito na ya mwitiko, na kila mwitiko uandikwe ulivyosikika badala ya kufupishwa kwa tarakimu. Tatu, chama chetu kiwatume wanachama wanaotoka Makueni, Kitui na Machakos, wakati wa likizo ndefu, wakawatafute waliopata kuimba katika makundi haya na kuwahoji. Simu za mkononi walizo nazo zinatosha kurekodi. Nne, nakala za mahojiano hayo ziwekwe katika maktaba ya chuo, na chama kiwaandikie rasmi wasimamizi wa Konza kuomba hifadhi ya kudumu.

Kazi hii ina faida nyingine ambayo si ya kitaaluma. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inazitambua haki za watendaji wa sanaa, wala si za watunzi pekee, na vipo vyama vya kuwakusanyia mirabaha. Lakini mwitikiaji ambaye jina lake halikuandikwa popote atadai nini, na atamdai nani? Mcheza kwao hutunzwa, walisema wahenga. Wa kwetu walicheza kwao, nasi hatukuwatunza. Ushahidi tutakaoukusanya waweza kuwa mwanzo wa haki yao.

Asije mtu akasema kwamba kazi hii haiwezekani. Marehemu Profesa John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui, alichapisha mkusanyo wa ngano za Wakamba mwaka 1966, wakati ambapo vifaa vya kurekodi vilikuwa adimu na barabara zilikuwa za vumbi tupu. Hatuna kisingizio sisi ambao tuna kinasa sauti mfukoni na lami mpaka mlangoni. Tunachokosa ni mazoea ya kugeuza shingo na kumtazama aliyesimama nyuma ya kiongozi.

Kalamu naiweka chini. Hodi nimekwisha kuipiga, na nitafurahi kusoma katika toleo lijalo majibu ya wanaokubaliana nami na ya wanaonipinga. Nitafurahi zaidi nikisoma majina.